Sadaka ya njiani na hesabu yake: kutoka Bidiya hadi pwani ya Afrika Mashariki

Nchini Oman ni kosa kukusanya michango ya hadhara bila kibali. Lakini swali la nani anatoa hesabu ya fedha ya sadaka ni la kale kuliko sheria hiyo, na liliwahi kuwagawa wanazuoni wa Oman wenyewe.

Msafiri katika barabara kuu za Tanzania huzoea kuwaona vijana waliosimama kando ya matuta, mahali ambapo magari hulazimika kupunguza mwendo. Mikononi wameshika bakuli au kisanduku cha mbao. Nyuma yao kuna kuta za msikiti ambao bado haujaezekwa, na pengine kipaza sauti kinachowaombea dua wanaotoa. Abiria hupitisha noti dirishani, basi huondoka, na aliyetoa huenda asipite tena njia ile maishani mwake. Hajui msikiti umejengwa kwa kiasi gani, wala nani anashika daftari, wala kama daftari lenyewe lipo.

Katika wilaya ya Bidiya, takriban kilomita 230 kusini-mashariki ya Muscat, kwenye ukingo wa mchanga mkubwa wa Wahiba, jambo kama hilo lingewafikisha vijana hao mbele ya mwendesha mashtaka. Sheria ya Jinai ya Oman, iliyotangazwa kwa Amri ya Kifalme namba 7 ya 2018, inaadhibu kwa kifungo na faini ombaomba na pia ukusanyaji wa fedha kutoka kwa umma bila idhini ya mamlaka. Haitoshi kusema kwamba fedha ni ya msikiti au ya mayatima.

Hata hivyo Bidiya si pahali pa watu wenye mkono wa birika. Ni mojawapo ya sehemu za Oman zilizofungamana sana na Afrika Mashariki. Ukoo mkuu wa hapo, Hajri, una matawi yaliyovuka bahari vizazi kadhaa vilivyopita, na Kiswahili hakijawahi kuwa lugha ngeni katika vitongoji vyake. Kwa hiyo historia ya sadaka ya Bidiya na ya pwani ni historia moja yenye mwambao miwili. Katika pande zote mbili swali limebaki lile lile: mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, binadamu gani anawajibika kwayo?

Onyo la mkusanyaji wa kwanza

Swali hilo halikuanzia Oman wala Afrika. Kurani, katika sura ya tisa, aya ya 60, inataja makundi manane yanayostahiki zaka. Kundi la tatu ni wale wanaofanya kazi ya kuikusanya. Kwa hiyo ujira wa mkusanyaji si jambo la aibu wala la siri. Ni haki inayotambuliwa, na kwa kuwa inatambuliwa, inaweza kupimwa.

Sambamba na haki hiyo likaja onyo. Vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim vinaeleza habari ya mtu mmoja wa kabila la Azd, ajulikanaye kama Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa na Mtume kukusanya sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi aligawa alichokuja nacho mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alikasirika, akapanda mimbari na kuuliza mbele ya watu kama zawadi hiyo ingemfuata mtu huyo lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake.

Wanazuoni wameitumia habari hiyo karne nyingi kuhusu watawala na makadhi. Lakini inamgusa zaidi yule anayesimama njiani na bakuli. Mtoaji hampi yeye. Anampa kwa sababu ya jina analolitumia, liwe la msikiti, la madrasa au la yatima. Anachokipata kwa jina hilo si chake mpaka wenye jina wakubali.

Maji, mitende na daftari la hadhara

Mwaka 1835 ofisa wa jeshi la majini la India, James Raymond Wellsted, alipita Bidiya akitokea Sur na Jaalan, akielekea Ibra na Nizwa. Alieleza kuwa Bidiya ilikuwa mkusanyiko wa vitongoji saba, kila kimoja katika bonde lake la mitende, vyote vikinyweshwa na mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi. Mifereji hiyo ndiyo falaji, mfumo ambao Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, likichagua falaji tano za Oman kuwa mfano wa maelfu ya nyingine.

Falaji ilikuwa zaidi ya mfereji. Ilikuwa mfuko wa jamii. Maji yake yaligawiwa kwa zamu zilizopimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Zamu moja, iitwayo athar, ni takriban nusu saa, na athar 24 hufanya badda, yaani nusu siku. Zamu hizo zilimilikiwa, zilirithiwa, ziliuzwa, na ziliwekwa wakfu. Mtu alipokaribia kufa aliweza kuacha athar moja ya maji, au mitende mitatu, ili pato lake linunue mafuta ya taa ya msikiti, futari ya wafungaji, kahawa ya wageni, sanda za mafukara, au limlipe mwalimu wa watoto.

Kilicholinda mali hiyo ni utaratibu uliofanywa mchana kweupe. Falaji kubwa ilikuwa na msimamizi wake, mgawaji wa maji, mtunza fedha na dalali. Zamu za maji za msikiti na za falaji yenyewe zilinadiwa hadharani, na kila mkulima aliyesimama pale alisikia bei iliyofikiwa. Aliyetaka kumdanganya Mungu ilimbidi kwanza awadanganye jirani zake wote, ambao nao walikuwa wakisubiri maji yale yale. Zaidi ya hayo, matumizi yalionekana kwa macho. Taa ya msikiti iliwaka au haikuwaka. Futari iliandaliwa au haikuandaliwa.

Hapo ndipo tofauti ya msingi ilipo kati ya wakfu ya kitongojini na bakuli la barabarani. Katika kitongoji, mtoaji, msimamizi na mfaidika walikutana kila Ijumaa. Barabarani watu hao watatu hawafahamiani.

Umbali ulivyoleta shaka

Umbali huo haukuanza na barabara za lami. Ulianza na majahazi. Katika karne ya 19 watu wa Sharqiyah walipanda vyombo bandarini Sur na kusukumwa na kaskazi hadi Unguja, Pemba, Mombasa na Lindi. Wengine waliendelea bara hadi Tabora, Ujiji na Kongo ya mashariki. Faida ya karafuu, na pia ya pembe za ndovu na ya utumwa, ilirudi Oman na kujenga majumba ya ngome yanayoonekana hadi leo Ibra na al-Mudayrib. Hilo la mwisho halifai kupitwa haraka: sehemu ya sadaka iliyowekwa katika enzi hiyo ilitokana na jasho la watu ambao hawakuulizwa.

Pamoja na mali ilisafiri sadaka. Waomani wa Unguja waliweka wakfu mashamba na nyumba kwa ajili ya misikiti na wanafunzi, wengine kwa ajili ya mji waliotoka, wengine kwa ajili ya malazi ya mahujaji wa Kiibadhi huko Makka. Nyumba ikawa Mji Mkongwe, msimamizi akawa Unguja, na mfaidika akawa ng'ambo ya bahari, siku nyingi za safari. Hapakuwa tena na mnada wa maji ambao kila mtu angeusikia. Palikuwa na barua, na uaminifu wa nahodha aliyeibeba.

Msimamizi mwema aliweza kutuma kila mwaka pato lililokusanywa. Msimamizi mbaya aliweza kusema kwamba paa lilivuja, mpangaji hakulipa, karafuu hazikuzaa. Aliyekuwa Bidiya hakuwa na njia ya kujua.

Mgogoro wa wakfu za makaburi

Mfano mkubwa zaidi wa mabishano kuhusu mali ya Mungu ulitokea jirani kabisa na Bidiya. Katika al-Qabil, wilaya inayopakana nayo, aliishi Sheikh Nur al-Din Abdullah bin Humaid al-Salimi, mwanachuoni aliyezaliwa upande wa Rustaq, akapoteza uoni akingali mdogo, kisha akahamia Sharqiyah kusoma kwa Sheikh Salih bin Ali al-Harthi. Al-Salimi ndiye aliyekuwa fikra na kauli ya vuguvugu lililorejesha Uimamu wa Kiibadhi mwaka 1913, pale Salim bin Rashid al-Kharusi alipochaguliwa kuwa Imamu huko Tanuf.

Uimamu mpya ulikuwa na watu na hoja, lakini ulihitaji mali. Katika Oman ya ndani palikuwa na mitende mingi na zamu nyingi za maji zilizowekwa wakfu ili pato lake walipwe watu wa kusoma Kurani makaburini. Al-Salimi alisema kwamba lengo hilo halikuwa na msingi katika sheria, na kwamba mali ambayo lengo lake ni batili haina mwenyewe, bali ni ya hazina ya Waislamu, baitulmali. Irudishwe huko, itumike kwa maslahi ya wote.

Si wote waliokubali. Sheikh Majid bin Khamis al-Abri wa al-Hamra, mwanachuoni mkubwa kwa umri na kwa heshima, alipinga. Kwa wenye msimamo kama wake, sharti la aliyeweka wakfu lina uzito wake, na marehemu hawezi kufufuka ili ashauriwe. Ikiwa mtawala wa leo anaweza kuamua kwamba lengo la jana halifai, ni wakfu gani itakayosalimika kwa mtawala wa kesho?

Mwaka 1914 al-Salimi, kipofu na mwenye kuheshimiwa Oman nzima, alifunga safari kwenda al-Hamra kuzungumza na Sheikh Majid uso kwa uso. Hakufika. Njiani, akiwa juu ya mnyama wake, aligongwa na tawi la mti, akaanguka na kuumia. Alifariki na kuzikwa Tanuf. Mazungumzo kati ya wawili hao hayakukamilika.

Kisa hicho kinastahili kukumbukwa kwa sababu hakuna mwizi ndani yake. Al-Salimi hakutaka mtende hata mmoja kwa ajili yake mwenyewe, na Sheikh Majid hakuwa akitetea pato la mtu. Wote wawili walikuwa wakiuliza kuhusu uwajibikaji. Mmoja alisema msimamizi anawajibika kwa manufaa ya waliohai. Mwingine alisema msimamizi anawajibika kwa neno la aliyetoa. Kila taasisi ya hisani duniani, ya dini yoyote, imejikuta kati ya kauli hizo mbili.

Maibadhi walikuwa pia na kanuni nyingine iliyowabana viongozi wao: Imamu hana haki ya kukusanya zaka katika eneo ambalo hawezi kulilinda. Hakuna ukusanyaji pasipo ulinzi. Kanuni hiyo ilimfanya mkusanyaji athibitishe kwanza huduma yake ndipo anyooshe mkono. Na Imamu aliyefuata, Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyeongoza kutoka 1920 hadi alipofariki 1954, anakumbukwa hadi leo kwa kuuza mali aliyorithi ili kukidhi mahitaji ya dola, badala ya dola kumtajirisha yeye.

Unguja: Kamisheni na masikini wake

Wakati wanazuoni wa Oman wakijadiliana, upande wa pili wa bahari serikali ilikuwa imeshaingia kati. Katika pwani ya Kenya sheria ya makamishna wa wakfu ilipitishwa mwaka 1900, na nyingine ikaichukua nafasi yake mwaka 1951. Unguja, chini ya himaya ya Uingereza, amri ya mwaka 1905 iliunda kamisheni ya kusimamia mali za wakfu.

Hoja ya Waingereza ilikuwa nzito. Nyumba za wakfu zilikuwa zikibomoka, hati zilipotea, na baadhi ya wasimamizi waliishi kwa raha kutokana na mali isiyo yao. Kamisheni ilileta orodha, hesabu na ukaguzi. Nyumba zilikarabatiwa, kodi ikakusanywa, salio likaandikwa.

Lakini nyingi za nyumba hizo hazikuwa zimewekwa ili zizalishe fedha. Ziliwekwa ili watu wakae: wajane, jamaa, watumwa walioachwa huru na vizazi vyao. Ofisi iliyotaka hesabu zake zilingane iliona nyumba isiyolipiwa kodi kuwa ni hasara. Kwa macho ya aliyeiweka wakfu, hiyo ndiyo iliyokuwa faida yenyewe. Hivyo daftari liliweza kuwa safi huku masikini akiondoka na virago vyake.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 mali za wakfu zilipita katika misukosuko mingine, na zipo ambazo hazikurudi katika matumizi yake ya awali. Zanzibar ilitunga sheria mpya mwaka 1980, na kisha Sheria namba 2 ya mwaka 2007, ambayo chini yake inafanya kazi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Fundisho la karne hiyo moja ni kwamba ukaguzi ni wa lazima lakini hautoshi. Hesabu hujibu swali la fedha imekwenda wapi. Haijibu swali la kama imekwenda mahali alipokusudia mtoaji.

Kisanduku kinapoingia mjini

Sadaka ya barabarani, kwa sura inayojulikana leo, ni mtoto wa mji. Mjini watu ni wengi, hawajuani, na wana sarafu mfukoni. Uingereza iligundua hatari yake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pale mitaa ilipojaa wakusanyaji wa michango ya askari na wakimbizi, wengine wakweli na wengine matapeli. Mwaka 1916 Bunge la London lilipitisha sheria ya hisani za vita, na mwaka huo huo likaziruhusu mamlaka za polisi kuweka kanuni za michango ya mitaani. Mwaka 1939 likaongeza sheria ya michango ya nyumba kwa nyumba.

Fikra hiyo ilisafiri hadi makoloni. Kenya ina sheria ya michango ya hadhara tangu 1960, inayotaka mkusanyaji awe na kibali. Hata hivyo baada ya uhuru harambee ilikuwa na nguvu kuliko kibali. Ilijenga shule, zahanati, makanisa na misikiti. Baadaye ikageuka jukwaa la wanasiasa kutupa mabunda ya noti bila kusema yametoka wapi. Sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuwazuia watumishi kutumia vyeo vyao kuchangisha, na Julai 2024, baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Miongoni mwa malalamiko ya vijana hao yalikuwa magunia ya fedha yaliyokuwa yakipelekwa makanisani. Kwa mara nyingine suala halikuwa mpokeaji tu. Lilikuwa pia usafi wa mkono unaotoa.

Katika nchi za Kiarabu shinikizo lilikuja kwa njia nyingine. Baada ya mashambulizi ya Nairobi na Dar es Salaam mwaka 1998, na ya Marekani mwaka 2001, michango midogo midogo isiyo na hati ilitazamwa kama mlango wa kufadhili mauaji. Mwaka 2003 Saudi Arabia ilipiga marufuku visanduku vya michango misikitini na madukani. Mashirika yaliyokuwa yakijenga misikiti na kulea mayatima Afrika Mashariki yalijikuta yakichunguzwa, na baadhi yalifungwa. Mayatima waliokuwa wakilishwa na mashirika hayo hawakuwa na hatia yoyote, lakini ndio waliolala na njaa hesabu za wakubwa zilipokosa maelezo.

Njia ya Oman

Oman ilichagua kuifungia sadaka ya hadhara ndani ya taasisi. Shirika la Hisani la Oman liliundwa kwa amri ya kifalme mwaka 1996. Mwaka 2000 zilifuata sheria ya jumuiya za kiraia, inayodhibiti pia uchangishaji wa fedha, na sheria ya wakfu iliyoiweka mali hiyo chini ya uangalizi wa wizara inayohusika na wakfu na mambo ya dini. Katika wilaya mbalimbali zikajitokeza timu za hisani za watu wa kujitolea, zinazofanya kazi kwa kibali chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Leo mwenye kutaka kutoa anaweza kutumia simu yake kupitia jukwaa la Jood, linalosimamiwa na wizara hiyo, akaona kesi iliyohakikiwa, kiasi kinachohitajika na kiasi kilichopatikana.

Utaratibu huo una sifa zake. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, na kimbunga Shaheen kilipoangukia Batinah Oktoba 2021, misaada ilimiminika kutoka kila pembe ya nchi, na palikuwa na mahali pa kuipeleka. Masikini naye ana heshima yake. Halazimiki kusimama juani mbele ya duka, wala mtoto wake kushikishwa karatasi yenye picha ya ugonjwa wake.

Lakini utaratibu huo una kivuli pia, na kivuli hicho wanakijua zaidi Waomani wanaozungumza Kiswahili. Wengi wa familia zilizorudi Oman, hasa baada ya 1964 na tena baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, waliacha nyuma ndugu, makaburi na misikiti. Ombi la kisima au la ada ya mwanafunzi likitoka Tabora, Bujumbura au Pemba, haliji kupitia wizara. Linakuja kwa simu, kwa sauti ya binamu. Likipelekwa katika kundi la familia la WhatsApp, ni undugu. Likisambazwa kutoka kundi hadi kundi mpaka likawafikia watu wasiomjua binamu huyo, limekuwa mchango wa hadhara, na sheria inaweza kulitazama hivyo. Mstari kati ya mambo hayo mawili hauonekani kwa urahisi na mtu aliyeshika simu usiku wa Ramadhani.

Na hapo ndipo udanganyifu hupata nafasi. Picha ile ile ya msikiti usioezekwa huweza kuzunguka miaka mitatu, kila safari na namba mpya ya kutumia fedha. Anayetapeliwa hudhulumiwa mara moja. Kijiji ambacho kweli hakina maji hudhulumiwa zaidi, kwa sababu mara ya pili hakuna anayeamini.

Maswali ya kuuliza

Wapo wanaosema kwamba sadaka haiulizwi, kwamba mwenye kutoa amepata thawabu zake hata kama mpokeaji ni mwongo. Kauli hiyo ina ukweli kuhusu nia ya mtoaji. Haina ukweli kuhusu amana ya mkusanyaji. Ikiwa Mtume alimhoji mjumbe wake mwenyewe mbele ya watu, haiwezi kuwa utovu wa adabu kwa mwanakijiji kumuuliza mwenyekiti wa kamati ya msikiti.

Historia ya Bidiya na ya pwani inatoa maswali manne, na hayahitaji mwanasheria. La kwanza: nani ametuma? Mkusanyaji awe na watu wanaoweza kutajwa, na wao wakubali kutajwa. La pili: anapata nini? Ujira wake ni halali ukisemwa wazi, na huwa shaka ukifichwa. La tatu: ni kwa lengo gani hasa, na likishindikana fedha itaelekezwa wapi? Hilo ndilo swali ambalo al-Salimi na Sheikh Majid hawakupata siku ya kulimaliza, na ni afadhali lijibiwe kabla bakuli halijazunguka kuliko baada ya mtoaji kuzikwa. La nne: hesabu itasomwa wapi, na mbele ya nani?

Swali la nne ndilo la bei nafuu kuliko yote. Msikiti wa kando ya barabara hauhitaji kamisheni wala jukwaa la mtandao ili kubandika mlangoni karatasi moja kila Ijumaa: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki, na majina mawili chini yake. Abiria wa basi hataiona karatasi hiyo. Wanakijiji wataiona, na wao ndio mashahidi ambao abiria hana njia nyingine ya kuwapata.

Katika vitongoji vya Oman ya ndani, zipo falaji ambazo zamu zake za maji bado hunadiwa hadharani, ingawa saa ya mkononi imechukua nafasi ya kivuli na nyota. Dalali hutaja bei kwa sauti, wakulima husikia, na fungu la msikiti huandikwa wakiwa wote wamesimama pale pale.